Kombe Peke Yake Halitoshi: Kuwasaidia Vijana Wanaotunga Michezo ya Kuimbwa



Safari hii hatutaongea juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Tutaongea juu ya jambo ambalo vikundi kadhaa vimetuuliza tukiwatembelea: "Vijana wetu wanatunga nyimbo na michezo. Tunataka kuwafanyia mashindano. Sasa tuanzie wapi?"

Swali ni zuri. Lakini kabla hatujajibu, hebu tuungame kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita kanisa letu dogo huku mlimani lilikuwa na harambee ya paa. Kijana mmoja, amemaliza Kidato cha Nne na hana kazi, alitunga mchezo mzima wa kuimbwa juu ya Ruthu na Naomi. Si wimbo mmoja, ni mchezo mzima. Naomi anaimba, Ruthu anajibu, kwaya inakuwa watu wa Bethlehemu, na ngoma zinapigwa kwa mwendo wa kwetu. Aliwafundisha waimbaji kwa wiki sita, jioni baada ya kazi za shamba. Siku ya harambee wazee walitoa machozi, halafu wakatoa pesa. Mabati yakapatikana.

Na kijana alipata nini? Soda moja, mkate, na makofi. Mwaka uliofuata kwaya nyingine iliimba nyimbo zake katika mashindano na jina lake halikutajwa. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kutunga. Siku hizi anapakia miraa kwenye magari. Kazi ni kazi, na hatuidharau. Lakini kila mvua ikinyesha na sisi tukiwa ndani hatulowi, tunakumbuka ni nani aliyetupatia paa lile.

Makala haya tumeyaandika ili kikundi chenu kisifanye kama sisi.

MCHEZO WA KUIMBWA NI KITU GANI?

Wengine watasema, "Hayo mambo ya opera ni ya Wazungu." Si kweli. Mchezo wa kuimbwa ni hadithi inayosimuliwa mbele ya watu, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo inabebwa na kuimba, ngoma na kucheza. Muziki haukuwekwa pale kupamba tu. Ukiuondoa, hadithi yenyewe inaanguka.

Sisi watu wa Meru, Tharaka na Embu tunalijua jambo hili toka zamani. Kirarire cha vijana wakati wa kutahiriwa ni majibizano ya kuimbwa. Mmoja anatupa neno, mwingine anarudisha, na umati unaitikia. Wapiga ngoma wa Chuka, na ngoma zao ndefu za kushikwa katikati ya miguu, hawapigi mdundo mtupu. Miili yao inasimulia pamoja na mkono. Hata makanisani, kila Krismasi, tunao akina Mariamu na wachungaji wa Bethlehemu wanaoimba mbele ya madhabahu. Huo ni mchezo wa kuimbwa, hata kama hatujauita hivyo.

Kutunga mchezo wa namna hii ni kazi ngumu kuliko kutunga wimbo mmoja. Mtungaji anahitaji hadithi inayoeleweka, maneno yanayoimbika, sauti za watu mbalimbali, na mpangilio wa nani anaingia na nani anatoka. Anahitaji pia watu wa kuimba, maana mchezo ulio kwenye daftari bado ni nusu. Mtunga mashairi anaweza kumaliza kazi yake peke yake chini ya mwembe. Mtunga mchezo wa kuimbwa hawezi. Bila kikundi hajui hata kama alichokiandika kinaimbika.

Hiyo ndiyo sababu jambo hili linawahusu ninyi, watu wa vikundi.

MASHINDANO TULIYO NAYO NA PENGO LAKE

Kenya hatujakosa mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, na miaka ile ya mwanzo michezo ya Kiingereza ndiyo iliyotawala. Baadaye Kiswahili, nyimbo zetu na ngoma zetu zilipata nafasi. Siku hizi katika drama mna michezo, mashairi ya kukaririwa na kundi, masimulizi, filamu fupi, na ile ngoma ya ubunifu ambayo ni hadithi nzima inayochezwa na kuimbwa. Katika muziki mna nyimbo za kwaya, nyimbo za asili, na nyimbo mpya zilizotungwa.

Shule huanzia chini, karibu na nyumbani, halafu washindi wanapanda ngazi hadi kaunti, kisha mkoa, kisha taifa. Majaji hukaa mezani, wanaandika alama, na mwisho wanasimama kueleza ni wapi palikuwa pazuri na ni wapi palilegea. Maelezo yale ni shule kubwa. Wanamuziki wengi wa nchi hii walianzia jukwaa la shule, na sisi tunamshukuru Mungu kwa walimu wanaojitoa kufundisha.

Lakini tuseme ukweli pia. Kuna mapengo manne.

Kwanza, mlango ni wa shule. Kijana akimaliza Kidato cha Nne na asiendelee na masomo, jukwaa linafungwa siku hiyo hiyo. Ana miaka 18, sauti imekomaa, akili imeanza kuona mambo ya dunia, na ndipo anaambiwa, "Wewe si mwanafunzi tena."

Pili, mara nyingi kinachoshindana ni shule na wala si mtungaji. Kazi huandikwa na mwalimu au mtu aliyelipwa kutoka nje, na wanafunzi wanaifundishwa. Si vibaya, maana wanajifunza kuimba na kusimama mbele ya watu. Lakini kutunga hawajifunzi.

Tatu, kazi hufa haraka. Mchezo ukitolewa katika ngazi ya chini, umekwisha. Miezi mitatu ya mazoezi, dakika chache za jukwaani, halafu kila mtu anarudi nyumbani.

Nne, kombe linabaki kwenye kabati la ofisi. Mtungaji anabaki na nini? Hapo ndipo penye shida.

WENGINE WALIFANYAJE?

Tumetafuta mifano ya watu waliotaka kusaidia utungaji mpya, wa karibu na wa mbali. Tumechagua minne.

Kamiriithu, Limuru. Mfano huu ni wa kijiji kama chenu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, wakulima na wafanyakazi wa kawaida, walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu wenye nyimbo na ngoma nyingi. Maandishi yalikuwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini wanakijiji waliyasikiliza na kuyasahihisha. Wazee walisema, "Mtu wa umri huu haongei hivyo." Akina mama walionyesha jinsi gitiiro, wimbo wa arusi wa kujibizana, unavyoimbwa kwa kweli. Uwanja wa kuchezea waliujenga kwa mikono yao wenyewe. Hiyo ni harambee kamili.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 na watu wakafurika. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo serikali iliondoa kibali, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ule uwanja ulibomolewa. Tunayasema haya kwa sababu mbili. Moja, kijiji kinaweza. Mbili, wimbo na mchezo si mambo ya watoto. Hugusa watu, na kwa hiyo hutaka ujasiri pamoja na hekima.

Kampala, Uganda. Byron Kawadwa aliandika mchezo wa kuimbwa kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, na Wassanyi Serukenya akautungia muziki. Mwaka 1977 ulipelekwa Lagos, Nigeria, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Kawadwa aliporudi nyumbani alikamatwa na kuuawa, wakati wa utawala wa Idi Amin. Tazama hapa: mmoja aliandika maneno, mwingine akatunga muziki. Vijana wetu wengi hufikiri ni lazima mtu mmoja afanye yote. Hapana. Mwenye maneno atafute mwenye sauti, wafanye kazi pamoja.

Montepulciano, Italia. Mji huu uko juu ya kilima, mahali pa wakulima wa zabibu. Mwaka 1976 mtungaji Mjerumani, Hans Werner Henze, alianzisha hapo tamasha linaloitwa kwa Kiitaliano "Cantiere", maana yake mahali pa ujenzi, pale mafundi wanapofanya kazi. Hakutaka wenyeji wawe watazamaji tu. Wanamuziki waliosoma walikuja kufanya kazi pamoja na watu wa mji na vijana wao. Mwaka 1980 Henze aliwatungia watoto wa pale opera yao, Pollicino, hadithi ya watoto waliopelekwa msituni na wazazi kwa sababu ya njaa. Watoto wenyewe ndio walioimba na kupiga ala.

Henze huyo huyo, mwaka 1988, alianzisha tamasha jingine katika jiji la München, Ujerumani, kwa ajili ya michezo mipya ya kuimbwa, na hasa ya watungaji vijana. Hufanyika kila baada ya miaka miwili. Siri yake iko hapa. Kijana hangoji amalize kazi ndipo aletwe mbele ya majaji. Anaagizwa kazi mapema, anapewa muda na waimbaji, na kazi yake inachezwa mbele ya watu. Msaada unakuja kwanza, makofi yanafuata.

Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 2010, mwanamuziki Eric Wainaina na Sheba Hirst walianzisha mpango wa kuwafundisha waandishi na watungaji wa hapa kutengeneza michezo ya kuimbwa. Wainaina alikuwa ameshaipitia njia hiyo mwenyewe. Mchezo wake Mo Faya ulifika New York mwaka 2009. Katika mpango huo watu hufanya kazi kwa vikundi, wanaandika, wanaimba mbele ya wenzao, wanasikia makosa, wanarudi kuandika upya. Hakuna anayetarajiwa kumaliza kwa mwezi mmoja.

MAMBO MANNE AMBAYO KIJANA ANAHITAJI

Tukiiweka mifano hii pamoja tunaona kwamba kombe si kitu cha kwanza. Fikirieni kitalu cha miche ya kahawa. Hakuna mkulima anayesubiri miche ikauke yote isipokuwa mmoja, halafu aupe ule mmoja zawadi. Anaiwekea kivuli, anaimwagilia maji, ndipo anachagua. Hata mashindano ni hivyo. Kijana anahitaji:

1. Muda. Miezi 5 au 6, isiwe wiki 2 kabla ya sherehe.

2. Mtu wa kumwongoza. Anaweza kuwa mwalimu wa muziki wa shule iliyo karibu, mwalimu wa kwaya anayejua solfa, au mzee anayejua ngoma za asili. Wote wakipatikana, ni vizuri zaidi.

3. Waimbaji. Awe na watu 8 au 10 walioahidi kuja mazoezini. Bila hao hataweza kusikia kazi yake.

4. Haki. Jina lake litajwe, na kazi ibaki yake. Hili tutalieleza hapa chini.

Kikundi kikitoa haya manne, hata kama zawadi ya mwisho ni ndogo, kijana atakuwa amesaidiwa. Kikikosa kuyatoa, hata kombe liwe refu kama mlango, hajasaidiwa.

JINSI YA KUANZA KATIKA KIKUNDI CHENU

Hatua ya 1: Chagueni kamati ndogo. Watu 5 wanatosha. Wawili wawe vijana, na angalau wawili wawe wanawake. Mwenyekiti asiwe mzazi wa mtoto atakayeshindana. Mnajua wenyewe maneno huanzia wapi.

Hatua ya 2: Changeni pesa kidogo kidogo. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 25. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, kwa miezi 6 mtapata shilingi 7,500. Mnaweza kuzigawa hivi:

Daftari, kalamu na kurekodi: 500
Nauli ya mwalimu, mara 4 kwa shilingi 500: 2,000
Chai ya mazoezi: 1,500
Watungaji 3, kila mmoja 1,000: 3,000
Akiba ya dharura: 500

Huu ni mfano tu, kila kikundi kipime uwezo wake. Lakini angalieni jambo moja. Tumewapa watungaji wote watatu kiasi sawa. Wote wamefanya kazi. Mkitaka kumwongezea mshindi, ongezeni kutoka kwa sadaka ya siku ya kuonyesha. Msiwanyang'anye wale wengine wawili.

Hatua ya 3: Tangazeni wazi. Semeni kanisani, sokoni na katika baraza. Elezeni umri, kwa mfano miaka 16 hadi 30, na kwamba si lazima mtu awe shuleni wala awe wa dhehebu letu. Kijana asiyejua kuandika muziki aruhusiwe kuimba na kurekodi kwa simu. Wapo watungaji wazuri ambao hawajui solfa hata kidogo, na hilo lisiwe kizuizi.

Hatua ya 4: Anzeni na kipande kidogo. Msimwambie kijana alete mchezo wa saa mbili. Aje na dakika 5: watu wawili wanaojibizana kwa wimbo juu ya jambo moja. Ndugu wawili wanagawana shamba. Mama anamsubiri mwanawe aliyeenda Nairobi. Mkwe anadai mahari. Katika dakika 5 mtaona kama mtu ana hadithi, kama maneno yanaimbika, na kama muziki unabeba kitu. Kamati ichague watu 3 wa kuendelea. Wale wengine waambiwe kwa upole ni kitu gani warekebishe, na waalikwe kuimba katika michezo ya wenzao.

Hatua ya 5: Wapeni miezi ya kazi. Kila mtungaji apewe waimbaji. Baada ya kila mwezi, kila mmoja aimbishe alichofikia mbele ya kikundi. Ninyi mkae msikilize kama watu wa Kamiriithu. Ulizeni: Tumeelewa? Nani anataka nini? Ni wapi tulichoka? Msiseme tu, "Ni nzuri sana," maana neno hilo halimsaidii mtu. Wala msiseme, "Hii takataka ni gani?" Hilo linaua.

Hatua ya 6: Siku ya kuonyesha. Wekeni siku moja, baada ya mavuno, mahali pa wazi. Chifu na wachungaji wa jirani waambiwe mapema. Majaji wawe 3, na wote 3 waeleze maamuzi yao kwa sauti mbele ya watu, kama inavyofanyika katika tamasha. Kabla ya kila mchezo mtu asimame aseme, "Mchezo huu umetungwa na fulani wa fulani." Ni sentensi moja tu na haina gharama. Sisi tuliisahau.

Hatua ya 7: Msiache kazi ife. Mchezo ulioshinda upelekwe angalau sehemu nyingine 3: kanisa la jirani, mkutano wa akina mama, shule. Sadaka ikichangwa, sehemu yake iende kwa mtungaji na waimbaji. Mwafikiane kiasi kabla ya safari, si baada ya pesa kuhesabiwa.

HAKI YA MTUNGAJI: SOMENI VIZURI HAPA

Watu wengi hudhani wimbo ni wa yeyote aliyeusikia. Sivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya muziki au ya mchezo inalindwa mara inapoandikwa au kurekodiwa. Si lazima kwanza ulipe ada mahali. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtungaji, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuna Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ambayo husajili kazi, na usajili huo husaidia kuwa na ushahidi kukiwa na ubishi. Lakini hata kabla ya kusajili, daftari lenye tarehe na rekodi ya simu ni kitu cha kutunzwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Maana yake ni kwamba kikundi kikimwagiza kijana mchezo bila mapatano yoyote, kijana anaweza kujikuta kazi si yake tena. Hatukufikiria hivyo, si ndio? Kwa hiyo andikeni karatasi moja rahisi kabla kazi haijaanza, isomwe kwa sauti na pande zote zitie sahihi. Iseme mambo haya:

Mchezo ni mali ya mtungaji (au watungaji, wakiwa wawili).
Kikundi kina ruhusa ya kuuchezesha bila malipo mengine, kwa mfano kwa miaka 2.
Mtu mwingine akiutaka, aongee na mtungaji.
Jina la mtungaji litatajwa kila mara.

Na nyimbo za mababu? Hizo ni za jamii. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kijana anaweza kujenga juu ya wimbo wa zamani, lakini aseme wazi ameutoa wapi na asidai ameutunga yeye. Kumbukeni hata Wimbo wa Taifa wetu wa mwaka 1963: sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Watu wa kamati walioutayarisha hawakuona haya kuanzia kwa mama anayembembeleza mtoto wake kule Tana. Vijana wetu nao wasione haya kuanzia kwa nyanya zao.

MAMBO YA KUANGALIA

Wasichana. Mazoezi ya usiku huwafungia wasichana wengi nje, maana wazazi wanakataa, na wana sababu. Fanyeni mazoezi saa za mchana, Jumamosi au Jumapili baada ya ibada. Mkipata watungaji watatu na wote ni wavulana, jiulizeni ni kwa nini.

Mahubiri. Sisi watu wa kanisa tuna ugonjwa mmoja: tunataka kila mchezo uishe kwa mlevi kuokoka. Miradi nayo ina ugonjwa wake, inataka kila wimbo utaje choo na chandarua. Mambo hayo ni mazuri, lakini kijana akipewa ujumbe wa kuimba kama posta, ataandika kama posta. Mwacheni aseme anachokiona. Labda ataimba juu ya baba aliyeuza shamba, au juu ya kutahiri wasichana, au juu ya sisi wazee. Tukiogopa kila neno, tutabaki na nyimbo za kukaribisha wageni tu.

Siasa za wakati wa kura. Watakuja watu na bahasha wakitaka mchezo uwataje. Kamati iamue mapema: zawadi inapokelewa, jina haliimbwi.

Lugha. Mchezo uwe kwa lugha ambayo mtungaji anaiota. Kikiwa ni Kimeru, sawa. Kiembu, sawa. Kiswahili kitasaidia kwenda mbali, lakini machozi ya siku ile ya paa yaliletwa na Kimeru.

NENO LA MWISHO

Bwana wetu alisimulia mfano wa talanta. Sisi kila mara tunamlaumu yule mtumwa aliyeifukia yake ardhini. Ni sawa. Lakini kuna talanta ambazo hazikufukiwa na mwenyewe. Zilifukiwa na kikundi, kwa soda moja na mkate.

Tulipomaliza kuandika makala haya tulimwendea yule kijana. Tulimwomba msamaha, tukampelekea kile tulichokichanga, si kingi. Tukamuuliza kama bado ana lile daftari la Ruthu na Naomi. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi nalo. Kona moja imeliwa na panya. Hakutupatia. Alisema kwanza anataka kuiona ile karatasi ya mapatano, aisome.

Tulifurahi kusikia hivyo. Tunaiandika sasa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu kuna kijana anayetunga nyimbo au michezo? Tumewahi kumpa nini?
2. Ni nyimbo gani tunaziimba bila kujua aliyezitunga? Nani anaweza kutuambia?
3. Tukichanga shilingi 50 kila mwezi, tutapata kiasi gani kwa miezi 6? Tuko tayari?
4. Ni nani karibu nasi anayeweza kuwaongoza vijana katika muziki, na ni mzee gani anayejua ngoma za zamani?
5. Tutafanya nini ili wasichana nao waweze kuja mazoezini?

Mkishajadili, tuandikieni. Mkianza mashindano yenu tutakuja kusikiliza, na tutaleta sukari ya chai.